Inzi wa Maembe na Elimu Isiyomfikia Mwenye Mwembe

Katika msimu wa maembe, mwananchi apitaye njia ya kutoka Bunda kwenda Musoma, au akatizaye kuelekea Butiama, haoni taabu kuujua mti ulioingiliwa na adui. Chini yake maembe yamelala, mengine yangali na rangi nzuri. Liokote moja ulipasue: ndani utakuta rojo, na funza weupe wanaoruka kama bisi katika chungu.

Wako wanaosema kwamba funza hao huzaliwa na embe lenyewe, na wako wanaosema huletwa na mvua. Maneno hayo si kweli, ingawa hili la mvua lina sababu yake, kwa kuwa inzi hawa huzidi sana wakati wa mvua. Mama yao ni inzi wa matunda, mdogo, mwenye rangi ya hudhurungi na mistari miwili ya manjano mgongoni, na watu wengi humdhania kuwa nyigu. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani yake. Baada ya siku moja au mbili mayai huanguliwa, na funza hula nyama ya embe kwa muda wa juma moja au zaidi. Embe huanguka, funza hutoka na kujifukia katika udongo, si chini sana, sentimeta chache tu. Humo hugeuka, na baada ya siku kumi hivi hutoka inzi mpya. Kwa mwezi mmoja kizazi kimekwisha, kingine kimeanza.

Inzi huyu si mwenyeji wetu. Asili yake ni Asia. Alionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na mwaka huo huo akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la *Bactrocera invadens*, yaani mvamizi, wakidhani ni mdudu mpya kabisa. Ilipofika mwaka 2015 ikathibitishwa kwamba ni yule yule wa Asia aliyejulikana zamani, *Bactrocera dorsalis*. Twayataja majina haya magumu kwa sababu kijana atafutaye habari zake katika simu atakuta maandishi mengi chini ya jina la kwanza na mengi chini ya jina la pili, naye asipojua ataona ni wadudu wawili.

Hasara yake si ya kubuni. Mwaka 2014 jirani zetu wa Kenya waliacha kupeleka maembe Ulaya kwa ajili ya inzi hawa, na biashara hiyo haikurudi mpaka mwaka 2021. Kwa mkulima wa Butiama asiyefikiria Ulaya hata kidogo, hasara ni ile ya gunia linalofika soko la Musoma likiwa nusu yake ni la kutupwa.

Sasa, mkulima aliyekata tamaa hufanya nini? Hununua dawa ya kuua wadudu, akaunyunyizia mti wote, matunda na majani. Fedha yake imepotea. Dawa iliyo juu ya ganda haimfikii funza aliyekwisha kuingia ndani, wala aliyejifukia ardhini. Wanaokufa ni nyuki, pamoja na wale siafu wekundu wa mitini waitwao maji moto, ambao ni askari wetu wa bure. Uchunguzi uliofanywa katika Afrika Magharibi umeonyesha kwamba mwembe wenye maji moto hupata inzi wachache zaidi. Ni kweli kwamba huuma, na mchumaji huwalaani. Lakini mlinzi asiyeuma wa kazi gani?

Njia zenye kufaa zinajulikana. Ya kwanza haina gharama ila jasho: kuokota maembe yote yaliyoanguka, kila siku ikiwezekana, na kuyafukia katika shimo la kina cha nusu meta au zaidi, au kuyafunga katika mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani mpaka funza wafe kwa joto. Ya pili ni chambo cha chakula. Jike hawezi kukomaza mayai bila protini, basi huchanganywa chakula cha protini na dawa kidogo, na kunyunyizwa mahali padogo tu pa majani, kadiri ya meta moja ya mraba kwa kila mti. Wataalamu wa ICIPE walionyesha kwamba hamira itupwayo na viwanda vya bia yaweza kufanya kazi hiyo, na Mwanza, ambako si mbali, bia inatengenezwa. Ya tatu ni mtego wenye harufu ya methili eujeno ambayo huwavuta madume. Kwa harufu hiyo Wamarekani walimfuta inzi huyu katika kisiwa cha Rota, bahari ya Pasifiki, katika miaka ya 1960.

Lakini Rota walitega kisiwa kizima. Hapa ndipo penye shida yetu. Mkulima mmoja akitega mtego mmoja atanasa madume mia, atafurahi; hali dume mmoja aliyebaki hupanda majike wengi, na majike wa shamba la jirani huruka bila kuuliza mpaka. Wakulima wa pamba wa Bunda wanalifahamu jambo hili kuliko mtu yeyote. Wamezoea kung'oa na kuchoma miti ya pamba baada ya mavuno ili wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine, nao wajua kwamba mvivu mmoja huwaponza wote. Mwembe haujapata sheria kama hiyo. Kwa maoni yetu shina la chama, lile lililotokana na nyumba kumi za miaka ya 1960, lina kazi hapa iliyo bora kuliko kungoja uchaguzi: balozi aweza kupanga siku ya kuokota maembe kama apangavyo siku ya kuzoa taka.

Tena kuna jambo la elimu. ICIPE, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mwafrika mwenzetu, ina kituo Mbita, katika mwambao wa ziwa letu hili hili, kaskazini ya Musoma. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kimemchunguza inzi huyu karibu tangu alipoingia. Arusha ipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Katika intaneti zipo maktaba nzima za bure, kama Plantwise na Infonet-Biovision. Hata hivyo sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Mkulima wa Butiama anazungumza Kizanaki nyumbani na Kiswahili sokoni; simu anayo mkononi, na elimu imo ndani ya simu, lakini imefungwa kwa lugha. Jarida la Mkulima Mbunifu, litokalo Arusha kwa Kiswahili tangu mwaka 2011, limeonyesha kwamba kazi hii yawezekana, na zamani Wizara ya Kilimo ilikuwa na Ukulima wa Kisasa.

Butiama, mahali alipozaliwa na kuzikwa Mwalimu, pana Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina lake. Twaomba wasomi wake waandike karatasi moja tu ya Kiswahili, yenye picha ya inzi huyu, kipimo cha shimo na namna ya kuchanganya chambo, ibandikwe katika kila ofisi ya kijiji kutoka Bunda hadi Musoma na kupelekwa katika simu za mabalozi, kabla miembe haijatoa maua ya msimu ujao.