Garimoshi Lisiloweza Mlima

Mkoa wa Jaén, kusini mwa Hispania, una mizeituni zaidi ya milioni 60. Imepandwa kwa mistari kwenye vilima, ikateremka mabondeni na kupanda vilima vya ng'ambo, mpaka macho yanakoma. Mwaka wa mavuno mazuri, karibu lita 1 katika kila lita 5 za mafuta ya zeituni duniani hutoka katika mkoa huu mmoja. Nchi ya vilima kiasi hicho si mahali ambapo mtu angetarajia kuendesha baiskeli kutwa nzima bila kuvunjika miguu. Lakini inawezekana, hata kwa mtu wa makamo aliyejifungia mizigo yake nyuma, na anaweza kwenda saa nyingi bila kupishana na gari. Njia yenyewe huitwa Vía Verde del Aceite, yaani Njia ya Kijani ya Mafuta. Ina urefu wa kilomita 128, kutoka mji wa Jaén hadi Puente Genil katika mkoa jirani wa Córdoba.

Wengi wanaoisifu husifu mandhari. Mimi niliyefanya kazi ya kupima na kujenga njia nasifu kwanza mwinuko wake. Mandhari hiyo hiyo ipo kwenye barabara ya magari inayopita si mbali, ila huko mwendesha baiskeli hana nafasi ya kuitazama: macho yako kwenye kioo cha pembeni, masikio yanasubiri lori, na mapaja yanawaka moto. Vía Verde ilikuwa reli, na reli ya enzi za mvuke ilijengwa na watu waliouogopa mlima.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huviringika kwa wepesi wa ajabu. Ndiyo sababu kichwa kimoja cha treni huweza kukokota mabehewa mengi yaliyojaa. Tatizo ni kwamba chuma hakikishiki chuma vizuri. Njia ikiinuka, magurudumu ya kichwa huanza kuteleza na kuzunguka papo hapo, na yakinyesha manyunyu hali huwa mbaya zaidi; madereva wa zamani walibeba mchanga mkavu wa kumwaga mbele ya magurudumu. Kwa hiyo wapimaji wa reli walijiwekea mpaka: mwinuko wa mita 2 katika kila mita 100, au zaidi kidogo pale ambapo hapakuwa na budi. Kilima kilipotokea mbele yao walikikata katikati, wakakitoboa handaki, au wakakizunguka hata kama mzunguko uliongeza kilomita kadhaa. Bonde walilijazia tuta au kulivusha daraja. Mapigo ya sururu yasiyohesabika yalitumika ili njia ibaki karibu na usawa.

Mwendesha baiskeli wa leo anairithi kazi hiyo yote bure. Chukua mtu wa kilo 80, mwenye baiskeli na mizigo ya kilo 20, anayekwenda kilomita 12 kwa saa. Kwenye tambarare ya changarawe iliyoshindiliwa, nguvu ya wati 40 hadi 50 inamtosha kuushinda upepo na ukinzani wa matairi. Mwinuko wa asilimia 2 unamwongezea wati 65 hivi. Jumla inafika kama 110, na mtu mwenye afya ya kawaida anaweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu huku akipiga soga na mwenzake. Sasa mpeleke kwenye barabara ya kijiji yenye mwinuko wa asilimia 6. Mlima peke yake unamdai karibu wati 200, jumla 240, na baada ya dakika chache atashuka asukume. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama miguu yake itaimudu safari hii, humjibu kwamba swali lake lilishajibiwa katika karne ya 19.

Reli hii ilijengwa na kampuni ya reli za Andalusia na kukamilika mwaka 1893. Ilibeba madini ya risasi kutoka Linares, ikabeba abiria, na zaidi ya yote ikabeba mafuta, hadi wenyeji wakaiita treni ya mafuta. Yaliyobaki ya fahari yake ni madaraja ya chuma. Wenyeji hupenda kulitaja jina la mhandisi Gustave Eiffel wanapoyaonyesha. Lililo wazi ni kwamba ni madaraja ya zama zake na mtindo wake, vipande vya chuma vilivyopishanishwa kama wavu na kufungwa kwa ribiti. Mojawapo ya makubwa ni lile linalovuka mto Guadajoz kwenye mpaka wa mikoa miwili, lenye urefu wa zaidi ya mita 200. Mwendesha baiskeli anayetoka upande wa Alcaudete huwa anatokea kwenye mikato ya udongo isiyomwonyesha chochote ila kuta mbili, kisha ghafla ardhi inaondoka chini yake. Mto uko kule chini, mizeituni pande zote, na hasikii sauti ila ya matairi juu ya daraja. Katika ufundi wangu sijui mahali pengine ambapo kazi ya mwanadamu na utulivu vimepatana namna hii.

Baada ya mto, njia huanza kupanda taratibu kuelekea milima ya chokaa ya Subbética. Hapa ndipo mgeni anapogundua jambo ambalo ramani haimwambii. Garimoshi halikuweza kupanda hadi vijijini, kwa hiyo stesheni ziliachwa chini na vijiji vikabaki juu. Zuheros, kijiji cheupe chenye ngome iliyokaa juu ya mwamba, kinaonekana kutoka njiani kana kwamba kiko karibu, lakini anayetaka kulala huko na kuonja jibini lake la maziwa ya mbuzi atapanda mlima wa kweli. Asiyetaka atapumzika kwenye stesheni zenyewe. Baadhi yake zimekarabatiwa zikawa mikahawa, na ya Cabra ina makumbusho ya treni hiyo ya zamani. Stesheni hizi hazikupangwa mbali mbali, kwa hiyo kivuli na maji havikosekani kwa muda mrefu.

Kuanzia Cabra na Lucena, mizabibu huanza kuingia kati ya mizeituni. Hii ni nchi ya Montilla-Moriles, yenye udongo mweupe wa chokaa unaoyahifadhi maji ya mvua za baridi na kuyaachia mizizi wakati wa kiangazi. Zabibu yake kuu huitwa Pedro Ximénez, na huchumwa Agosti, mapema kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Hispania bara. Sehemu ya mavuno hutandazwa juu ya mikeka juani kwa siku kadhaa hadi sukari ijikusanye, kisha hukamuliwa divai nzito yenye rangi ya kahawa. Msomaji asiyekunywa hatakosa cha kuonja. Mafuta ya zeituni ya aina ya picual, yakiwa mapya, huwa machungu kidogo na huwasha koo kama pilipili. Mwasho huo si kasoro. Unatokana na viini vya asili vinavyoyakinga mafuta yasichache, na mwenye kinu atafurahi ukikohoa.

Lakini haya yote yangeweza kupotea. Mwaka 1985 serikali ya Hispania ilizifunga reli nyingi zilizokuwa zikileta hasara, na hii ya mafuta ilikuwa miongoni mwake. Reli ikifungwa, chuma huuzwa na mataruma huokotwa. Kisha huanza kumegwa ardhi: mkulima huyu anasogeza mstari wa miti yake, halmashauri ile inajenga ghala. Ukanda wa reli una upana wa mita chache tu, na thamani yake yote imo katika kuwa mrefu bila kukatika. Mita 50 zikiuzwa katikati, kilomita 50 zimekufa. Mwaka 1993, Hispania ilipokuwa na zaidi ya kilomita 7,500 za reli zisizotumika, ulianzishwa mpango wa Vías Verdes, na wakfu wa reli za nchi hiyo ukapewa jukumu la kuusimamia. Leo zimefunguliwa zaidi ya kilomita 3,000. Uamuzi wa busara kuliko yote, kwa maoni yangu, ulikuwa ule wa kuiacha ardhi mikononi mwa umma na kuzikabidhi halmashauri matumizi na matunzo yake. Trekta za wakulima bado hukatiza njia kwenda mashambani, na zina haki hiyo, lakini vizuizi kwenye makutano huwaambia wenye magari kwamba hapa si pao.

Kwa anayepanga kwenda, majira ni jambo la kwanza. Julai na Agosti joto hufika nyuzi 40, na mizeituni haina kivuli cha maana. Aprili ni mwezi mzuri sana. Mei pia, isipokuwa kwa mwenye pumu au mafua ya mzio, kwa sababu ndipo mizeituni inapochanua, na chavua ya Jaén ni kali mno. Mtu huyo asubiri Oktoba. Kuanzia Novemba mavuno hupamba moto. Utaona nyavu zimetandazwa chini ya miti, mashine zikiutikisa mti mmoja baada ya mwingine, na harufu ya zeituni zilizosagwa ikitanda karibu na kila kinu. Ni wakati wa kuvutia kuliko wote, ila udongo wa huko ukilowa huganda kwenye matairi kama saruji, na pasipo na changarawe huenda ukalazimika kusimama na kukwangua. Baiskeli ya matairi membamba ya mashindano haifai. Tairi la milimita 40 lafaa, taa ya mbele ni lazima kwa ajili ya mahandaki, na tyubu za akiba zisisahaulike kwa kuwa miiba ni mingi.

Ziko njia nyingine za aina hii. Vía Verde de la Sierra, kati ya Olvera na Puerto Serrano, ina kilomita 36, mahandaki 30 na madaraja 4 makubwa, na haijawahi kupitiwa na treni ya abiria hata moja: ilichimbwa miaka ya 1920, fedha na siasa zikabadilika, ikaachwa. Tumbusi wamejaa kwenye mwamba wa Zaframagón uliopo njiani.

Mimi ningempeleka mgeni Terra Alta, Katalunia. Ni nchi ya mizabibu, mizeituni na milozi, ambako vita vikali vya mto Ebro vilipiganwa mwaka 1938. Reli yake ilifika Tortosa mwaka 1941 na kufungwa mwaka 1973, baada ya handaki kuporomoka. Inapita karibu na Horta de Sant Joan, kijiji alichokaa Picasso akiwa kijana, na El Pinell de Brai, ambako chama cha ushirika cha wakulima kilijengewa kiwanda cha divai na Cèsar Martinell, mwanafunzi wa msanifu majengo Gaudí, chenye matao ya matofali yaliyo marefu kama ya kanisa. Mahandaki ni mengi, baadhi yamepinda na hayana mwanga. Anzia bara, upande wa Arnes, uelekee Tortosa: njia inashuka karibu muda wote hadi mto Ebro. Anayeanzia Tortosa atafika vilevile, ila atakuwa anapanda kutwa.