Mdiria wa Misitu na Mdiria wa Mikoko: Yupi Anakula Samaki Wako?

Vijana mnaofuga samaki, mkiona ndege wa bluu mwenye mdomo mwekundu ametua kwenye nguzo ya bwawa, mnakimbilia manati. Subirini kwanza. Kuna mdiria wawili wanaofanana kama ndugu, na kweli ni ndugu, lakini chakula chao si kimoja.

Angalia mdomo. Mdiria wa misitu ana rangi mbili: juu mwekundu, chini mweusi. Ana pia mstari mweusi unaoanzia mdomoni, unapita jichoni na kuendelea nyuma yake. Mdiria wa mikoko mdomo wote ni mwekundu, kichwa kijivu zaidi, na weusi unaishia mbele ya jicho. Kwa ukubwa hutawatofautisha, wote ni sentimita 22 hivi.

Sasa yule wa misitu, pamoja na jina la ukoo wake, si mvuvi. Anakaa tawini kimya, kisha anashuka chini kudaka panzi, mende na nyenje, mara nyingine mjusi. Samaki kwake ni bahati tu. Kwa hiyo akitua bwawani kwako, huenda kafuata panzi wa kwenye nyasi za kingo. Mwenye mahindi au mboga jirani amwache kabisa, tena asikate kila mti mkavu, maana anataga kwenye matundu yaliyotobolewa na vigogota.

Wa mikoko ni habari nyingine. Yeye anakula wadudu pia, ila akiwa pwani anadaka kaa, kamba na samaki wadogo. Mnaofuga mwatiko au kunenepesha kaa karibu na mikoko, huyo mnahesabiana naye. Dawa yake ni wavu, hasa juu ya bwawa la vifaranga. Ukaze vizuri, wavu uliolegea unanasa ndege na kuchanika.

Bara, anayemaliza vifaranga vya perege mara nyingi ni mdiria mwingine, yule mweusi na mweupe, anayepigapiga mabawa akiwa amesimama hewani kabla ya kujitupa majini. Wavu uleule unamzuia.

Ila sumu, jamani, hapana. Viuatilifu vingi vya wadudu huua samaki hata vikiingia majini kidogo tu. Utapoteza bwawa zima kwa ajili ya ndege aliyekuja kula panzi.