KARAI JEUSI SI KARAI CHAFU

Ndugu msomaji, hebu tuanze na mfano.

Kijana mmoja wa kijijini ameoa. Mke wake anataka kumwonyesha mama mkwe kwamba yeye ni mchapakazi. Asubuhi anatoa vyombo vyote uani. Anachukua majivu na mchanga, anasugua. Sufuria zinang'aa kama kioo. Kisha analiona karai la chuma la mama mkwe. Ndani ni jeusi tititi. Analisugua mpaka mikono inamwuma. Karai linakuwa jeupe. Naye anafurahi.

Mama mkwe anarudi kutoka shambani. Anaona karai, anashika kichwa.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Nimeosha karai, mama. Lilikuwa chafu sana."

"Halikuwa chafu, mwanangu. Umelivua koti!"

Jioni ile viazi vinanata karaini. Asubuhi ya pili karai lina kutu nyekundu.

Je, mama mkwe alisema kweli? Karai linaweza kuwa na koti? Ndiyo. Sote tunajua kwamba hapa Njombe mwezi wa Juni na Julai mtu hatoki alfajiri bila koti. Karai la chuma nalo ni hivyo hivyo. Weusi ule wa ndani ndio koti lake. Leo tutajifunza kuchagua karai zuri, kulivisha koti, na kulitunza lisivuliwe.

KARAI LINATOKA WAPI?

Jina "karai" lilitoka Bara Hindi. Huko chombo hiki kimepikiwa tangu zamani. Wachina nao wana karai lao la chuma, lenye tumbo la mviringo. Kati ya mwaka 1970 na 1975 Wachina walijenga pamoja nasi reli ya TAZARA, ambayo inapita Makambako. Katika nchi yao, karai la chuma cheusi ni chombo cha kila siku. Hulitumia kukaanga mboga, nyama na wali, na hulitunza kwa mafuta na moto kama tutakavyoeleza hapa.

Kwetu sisi karai ni chombo cha maandazi, sambusa, samaki na chipsi. Mkoa wetu wa Njombe unasifika kwa viazi mviringo. Kwa hiyo karai si pambo la jikoni. Kwa akina mama na vijana wengi karai ni jembe lao la kazi.

MAKARAI HAYAFANANI

Ukienda sokoni Njombe au Makambako, usiulize bei kwanza. Uliza: "Karai hili limetengenezwa kwa kitu gani?" Yako makarai ya namna nyingi. Tutazame manne.

La kwanza ni karai la bamba la chuma. Rangi yake ni nyeusi au ya kijivu. Sumaku hunasa juu yake. Hili ndilo zuri kwa kukaangia. Linapata moto upesi, halivunjiki likianguka, na linaweza kudumu miaka mingi.

La pili ni karai la chuma cha kumimina. Ni zito na nene. Sumaku hunasa pia. Nalo ni zuri, na hutunzwa vile vile. Lakini likianguka kwenye sakafu ya saruji linaweza kupasuka.

La tatu ni karai la kubebea zege na mchanga. Mara nyingi limepakwa zinki ili lisishike kutu. Linang'aa, na ukilitazama vizuri utaona madoa madoa kama magamba ya samaki. Mengine yamepakwa rangi. Sumaku hunasa hapa pia, kwa hiyo usidanganywe na sumaku peke yake. Karai hili ni la ujenzi, si la chakula. Vitu vichachu kama nyanya na limau vinayeyusha zinki, na mlaji anaweza kuumwa tumbo na kutapika. Rangi nayo ikiungua huingia katika chakula.

La nne ni karai la alumini lililomiminwa kutokana na vyuma chakavu. Ni jeupe. Sumaku hainasi. Hapa, ndugu msomaji, tusikilize vizuri. Mafundi wengine huyeyusha pamoja vipande vya injini, betri na mitambo ya kila aina. Ndani ya takataka hizo huwamo madini ya risasi. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima vyombo 42 vya namna hii kutoka nchi 10, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Zaidi ya theluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa risasi. Risasi haionekani wala haina ladha chunguni. Lakini inadhuru ubongo wa mtoto, hata ikiwa kidogo.

Liko jambo jingine la hatari. Mafundi wengine hutengeneza makarai kwa mapipa ya zamani. Pipa likiwa limebeba dawa ya kuulia wadudu, usikubali karai lake, hata ukipewa bure. Muulize fundi bila haya: "Bamba hili lilikuwa la nini?" Akibabaika, ondoka.

JINSI YA KUCHAGUA

Sasa umepata karai la bamba la chuma. Lipime kwa njia hizi:

1. Libonyeze katikati kwa vidole gumba viwili. Likibonyea ni jembamba mno. Litapinda motoni na kuunguza chakula. Unene wa kama milimita 2 unafaa.

2. Liinue juu, ulitazame kuelekea mwanga wa jua. Ukiona nukta ya mwanga, lina tundu.

3. Shika masikio yake na uyatikise kwa nguvu. Yasicheze hata kidogo. Sikio likikatika wakati mafuta yana moto, ni msiba.

4. Fikiri juu ya jiko lako. Kama unapikia mafiga matatu, karai lenye tumbo la mviringo litakaa vizuri. Kama una jiko la gesi au la umeme, tafuta karai lenye kitako bapa.

Sasa tupige hesabu. Tuseme karai jembamba ni shilingi 12,000, na linaharibika kila mwaka. Karai nene ni shilingi 30,000, na linadumu miaka 10. Kwa miaka 10 makarai membamba yatakugharimu shilingi 120,000. Lile nene ni shilingi 30,000 tu. Ndiyo maana wazee husema, rahisi ni ghali.

KULIVISHA KOTI

Karai jipya la chuma haliko tayari kwa kupikia. Mara nyingi limepakwa mafuta ya dukani ili lisishike kutu. Mafuta hayo si ya kula. Fanya hivi:

1. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni. Lisugue ndani na nje kwa waya wa kusugulia. Hii ni ruhusa ya siku moja tu!

2. Lipanguse, kisha liweke motoni mpaka likauke kabisa. Fanya kazi hii nje, maana kutakuwa na moshi. Kuni za miwati zinafaa, kwa kuwa moto wake ni mkali.

3. Endelea kulichoma. Utaona chuma kinageuka rangi, kinakuwa cha bluu na cheusi. Usiogope.

4. Liepue, lipoe kidogo. Chukua kitambaa cha pamba, kifunge kwenye kijiti, kichovye katika mafuta ya alizeti. Paka ndani kote. Kisha chukua kitambaa kikavu ufute, kama vile umekosea kupaka. Mafuta yakiwa mengi yatakuwa gundi, hayatakuwa koti.

5. Rudisha motoni mpaka moshi uishe. Liepue, paka tena, choma tena. Fanya hivyo mara tatu au nne.

Kwa nini tunafanya hivi? Mafuta kidogo yakichomwa juu ya chuma chenye moto mkali hubadilika. Hayawi mafuta ya majimaji tena. Yanakuwa gamba gumu, jembamba, lililoshikana na chuma, kama vanishi juu ya meza. Gamba hilo linazuia maji yasiguse chuma, basi kutu haipati nafasi. Linazuia pia chakula kisinate. Kila unapokaanga, koti linaongezeka.

KULITUNZA KILA SIKU

Ukimaliza kupika, usilale na chakula ndani ya karai. Kihamishe katika chombo kingine. Lipoe kidogo, kisha lioshe kwa maji ya vuguvugu. Kusugulia tumia gunzi la mahindi au brashi. Gunzi linaondoa chakula bila kuchuna koti. Sabuni kidogo haina neno. Adui ni majivu, mchanga na waya.

Baada ya kuosha, lirudishe motoni kwa dakika mbili tatu likauke. Usiliache lijikaushe lenyewe. Huku kwetu kuna ukungu na unyevu, na kutu inaweza kuingia kwa usiku mmoja. Lipake mafuta kidogo sana, kisha litundike mahali pakavu.

Usichemshe ndani yake nyanya nyingi, ndimu au vitu vichachu kwa muda mrefu. Uchachu unakula koti. Mchuzi wa nyanya upikie sufuria.

Na usimwage maji baridi katika karai lenye moto. Linaweza kupinda. Kama lina mafuta, mafuta yataruka na kukuunguza. Mafuta yakishika moto, usimwage maji kabisa! Funika karai kwa mfuniko au sinia la chuma, na uondoe moto chini yake. Watoto wakae mbali na jiko wakati wa kukaanga.

KOTI AU UCHAFU?

Pengine mtu atauliza, "Basi mimi nitajuaje kama ule weusi ni koti au ni uchafu?" Swali zuri. Pitisha kidole ndani ya karai lililooshwa. Koti ni laini. Uchafu unakwaruza. Kisha pitisha kitambaa cheupe. Koti halitoki. Makoko ya chakula na masizi yanatoka. Ukikuta makoko, chemsha maji ndani kwa dakika chache, halafu sugua kwa gunzi. Masizi ya nje chini ya karai ni ya moto tu. Hayo ukitaka yaondoe.

Je, kama karai lako limeshika kutu? Usilitupe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Sasa ndipo mchanga unapokuwa na kazi. Sugua kutu yote mpaka uone chuma, osha, kausha motoni, na ulivishe koti upya kama jipya. Lakini kama kutu imetoboa, au bamba limekuwa jembamba kama karatasi, muda wake umekwisha.

FAIDA NYINGINE

Chuma kina faida pia mwilini. Damu yetu inahitaji madini ya chuma. Mwaka 1999 ulitangazwa utafiti uliofanyika Ethiopia. Watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma walikuwa na damu nzuri kuliko waliopikiwa katika vyombo vya alumini. Hata hivyo, karai si dawa. Mama mjamzito asiache vidonge anavyopewa kliniki ati kwa kuwa ana karai la chuma.

Turudi kwa yule mke wa kijana. Mama mkwe hakumgombeza. Aliwasha moto, akaleta mafuta ya alizeti, wakakaa pamoja uani. Walipaka, wakachoma, mara nne. Jioni walikaanga viazi. Havikunata.

"Kumbe weusi mwingine ni usafi, mama," alisema mkwe.

"Ndiyo, mwanangu. Sasa na wewe ukamfundishe mwenzio."

Nawe ndugu msomaji, umesoma. Mfundishe mwenzio.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini si vizuri kusugua ndani ya karai la chuma kwa majivu na mchanga kila siku?

2. Tajeni makarai mawili yasiyofaa kupikia, na mweleze sababu.

3. Mafuta yakishika moto karaini, mtafanya nini?

4. Leteni karai moja darasani. Lipimeni kwa zile njia tatu za kwanza. Je, lina koti au lina uchafu?