Majani Yakiwa Mekundu, Wavuvi Huenda Dago



Katika nchi za baridi kama Kanada na Marekani, miezi ya Septemba na Oktoba majani ya miti hugeuka mekundu na manjano, na wenye likizo huchukua mahema yao wakaenda kupiga kambi msituni kuyatazama. Majani yale yamezeeka, yanakaribia kuanguka. Huku kwetu kaskazini ya Cabo Delgado, miezi ile ile, miombo ya bara nayo huwa myekundu. Lakini yetu ni majani machanga. Yanachipua kabla ya mvua, na baadaye ndipo yanageuka kijani.

Sisi pia tuna kambi za majira haya. Tunaziita dago, na hakuna likizo ndani yake.

Kusi ikipungua na demani ikaingia, bahari hutulia. Wavuvi wa Palma, wa Mocímboa da Praia na wa vijiji vya katikati hupakia nyavu, unga, chumvi na madumu ya maji, wakavuka kwenda visiwani, kama kule Vamizi. Wengine hutoka mbali, Nampula upande wa kusini na Tanzania ng'ambo ya Ruvuma. Hujenga vibanda vya makuti na kukaa majuma mengi. Kazi inafuata mwezi: kuna siku za bamvua na kuna siku za maji mafu. Barafu hakuna, kwa hiyo samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka awe ng'onda. Kisima cha kisiwani mara nyingi kina maji ya chumvichumvi, na dumu la maji matamu hulindwa kama fedha.

Mwaka mmoja nilikuwapo siku chombo kimoja kiliporudi kutoka dago. Hesabu ilifanywa chini ya mkungu, majani yake mekundu yametapakaa mchangani. Kwanza ulitolewa unga, kisha mafuta, kisha gharama ya kushona wavu. Ikafuata sehemu ya chombo na sehemu ya wavu. Kilichobaki ndicho kilichogawiwa mabaharia. Kijana mmoja, baada ya majuma matano ya kulala mchangani, aliambiwa kwamba yeye ndiye anayedaiwa. Aliuliza anadaiwa nini. Hapakuwa na daftari la kumjibu, wala ng'onda hawakupimwa kwa mizani. Aliinuka akaenda zake bila kusema neno.

Hatukatai kwamba mwenye chombo ana gharama zake. Tunachokataa ni hesabu ya kichwani mwa mtu mmoja.

Jambo hili limezidi uzito tangu vita ilipotufikia. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa, na Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Watu wengi walikimbia, wengine kwa mashua. Wengi waliporudi hawakuwa na chombo wala wavu. Mtu wa namna hiyo huanza safari na deni, na mwenye deni huona haya kuuliza hesabu.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kung'oa nanga tufanye haya:

1. Mafungu yatajwe mbele ya mashahidi, chombo kingali pwani.
2. Kuwe na madaftari mawili, moja la mwenye chombo na moja la mabaharia. Asiyejua kusoma amchague mwenzake anayejua.
3. Samaki wapimwe kwa mizani mbele ya wote, siku ile ile mchuuzi anapofika.
4. Ijulikane ni madumu mangapi ya maji, na nani atakayekwenda kuyajaza yakiisha.
5. Ijulikane ni chombo gani kitamrudisha mgonjwa nyumbani.

Kanuni za uvuvi za Msumbiji za mwaka 2003 zilitambua mabaraza ya uvuvi ya jamii. Pale kijijini penye baraza, mapatano hayo yapelekwe huko yasikiwe.

Baharia mmoja akidai hesabu ataambiwa abaki pwani. Mabaharia wote wa chombo wakidai pamoja, chombo hakitatoka bila wao. Miombo ikianza kuwa myekundu tusingoje mvua. Tukutane, tukubaliane, ndipo tutweke tanga.

Umoja ni nguvu.