Je, Wajua? Kombe la Nchi Isiyo na Ligi

Je, wajua kwamba ipo nchi Ulaya yenye kombe la taifa la soka lakini haina ligi? Inaitwa Liechtenstein, imebanwa katikati ya Uswisi na Austria. UEFA ina wanachama 55, na kati ya wote hao ni huyu mmoja tu asiye na ligi ya taifa!

Basi bingwa wa nchi ni nani? Hayupo. Anayetwaa kombe ndiye anayekwenda kuiwakilisha nchi Ulaya, na hakuna mlango mwingine.

Sasa pima udogo wenyewe. Nchi nzima ina kilomita za mraba 160 na watu wapatao 40,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Dar es Salaam unachukua watu 60,000: waingize Waliechtenstein wote, kuanzia vichanga hadi vikongwe, na bado viti 20,000 hivi vitabaki wazi.

Klabu ziko ngapi? Saba tu! Vaduz, Balzers, Triesen, Triesenberg, Schaan, Ruggell na Eschen/Mauren. Hiyo ya mwisho ni klabu moja ya vijiji viwili, ndiyo maana jina lake lina mkwaju katikati.

Umewahi kulalamika kwamba mechi ya ugenini iko mbali? Kutoka Balzers, kusini kabisa, hadi Ruggell, kaskazini kabisa, ni takriban kilomita 25. Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote katika kombe hili. Ukiamka mapema unaweza kutembelea viwanja vya klabu zote saba kwa baiskeli na kurudi nyumbani kabla ya giza, ingawa Triesenberg itakutoa jasho: kijiji hicho kimeng'ang'ania ubavuni mwa mlima, karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari.

Na uwanja mkuu je? Rheinpark, mjini Vaduz, uko kando ya mto Rhine, na ng'ambo ya mto ni Uswisi. Una nafasi 7,584, na wakazi wa mji wenyewe hawafiki hata 7,000. Yaani mji mkuu mzima unaingia uwanjani na nafasi zinabaki!

Ngoja, kuna jingine kuhusu Vaduz. Ni mji mkuu, lakini si mji wenye watu wengi kuliko yote nchini. Schaan, jirani yake, inaupita.

Huenda unajiuliza: bila ligi, wachezaji hawa hucheza wapi wiki hadi wiki? Uswisi! Klabu zote saba zimo katika ngazi za ligi za Uswisi, kila moja kwenye daraja lake. Vaduz ilipanda hadi ligi kuu ya huko mwaka 2008, klabu ya kwanza ya Liechtenstein kufika juu hivyo. Ikashuka, ikapanda tena 2014, ikashuka, ikapanda tena 2020.

Lakini sikiliza sharti lake. Hata Vaduz ingemaliza juu ya kila timu ya Uswisi, tiketi za Ulaya za ligi hiyo ni za klabu za Uswisi peke yao. Kombe la Uswisi nalo hailichezi. Kwa hiyo mechi chache za kombe la nyumbani zina uzito kuliko msimu mzima wa ligi ya jirani.

Chache kiasi gani? Kwa kawaida timu zilizofika nusu fainali msimu uliopita husubiri robo fainali. Robo, nusu, fainali: mechi tatu, na uko Ulaya! Sijui kama kuna njia fupi zaidi ya hiyo katika bara zima.

Na kwa kuwa klabu saba hazitoshi kujaza ratiba, timu za pili nazo huingia, na hata timu za tatu. Fundi bomba anayecheza timu B Jumapili asubuhi anaweza kabisa kupangiwa watu wanaolipwa mshahara kwa kusakata kandanda.

Haya, turudi mwanzo. Kombe lilianza msimu wa 1945/46, na bingwa wa kwanza alikuwa Triesen. Akalichukua tena 1947. Akalichukua tena 1948! Vaduz, mfalme wa leo, ilisubiri hadi 1949 kulionja kwa mara ya kwanza.

Ilipokwisha kulionja, ndugu yangu, haikushiba. Hadi 2025 Vaduz imelitwaa mara 51. Ndiyo, mara HAMSINI NA MOJA! Hakuna klabu Ulaya iliyobeba kombe la taifa lake mara nyingi hivyo.

Chukua kalamu ujumlishe mwenyewe. Vaduz 51, Balzers 11, Triesen 8, Eschen/Mauren 5, Schaan 3: unapata 78. Toka 1946 hadi 2025 ni misimu 80, na miwili, 2020 na 2021, kombe lilisitishwa kwa sababu ya korona. Hesabu imefunga!

Umeona nani hawamo? Ruggell na Triesenberg. Kwa miaka yote hiyo hawajawahi kulibeba.

Ruggell walikaribia, tena sana. Fainali ya 2019 waliibana Vaduz hadi 3-2, na wao walikuwa madaraja kadhaa chini yake. Tofauti ilikuwa bao moja tu! Linganisha na fainali ya 2016, Vaduz ilipokuwa ligi kuu ya Uswisi na ikaikuta Schaan. Matokeo? 11-0. Kwenye fainali!

Toka 1998 hadi 2011 Vaduz ilibeba kombe kila mwaka bila kukosa. Makombe 14 mfululizo. Mtoto aliyezaliwa mwaka mfululizo huo ulipoanza alifikia kuota ndevu bila kumwona bingwa mwingine.

Kisha ukaja msimu wa 2011/12, na huu napenda kuusimulia kuliko yote. Eschen/Mauren, ambao mara ya mwisho kulishika kombe ilikuwa 1987, waliifikisha Vaduz kwenye mikwaju ya penalti na kuishinda. Miaka 25 ya kusubiri ikaisha kwa mateke ya hatua 12! Zawadi yao ikawa safari ya Iceland kukutana na FH, na hawakuaibika hata kidogo: walifungwa 2-1 kule na 1-0 nyumbani. Mwaka uliofuata Vaduz ikarudisha kombe kwake, na toka hapo haijaliachia.

Sasa vuka mpaka nami twende Ulaya, maana huko ndiko kuna maajabu.

Mlango ulifunguliwa 1992, bingwa wa kombe alipoanza kuingia Kombe la Washindi la Ulaya. Vaduz wakatangulia, wakapangiwa Chornomorets ya Odesa. Wakafungwa 5-0, kisha 7-1. Jumla 12-1! Mwaka 1995 wakarudi wakapewa Hradec Králové ya Ucheki: 5-0 na 9-1. Walifungwa mabao 26 katika mechi nne.

Lakini wajua nani aliipa Liechtenstein ushindi wa kwanza wa kuvuka raundi? Si Vaduz! Ni Balzers, mwaka 1993, walioifunga Albpetrol ya Albania 3-1 na kutoka nayo sare ya 0-0. Raundi iliyofuata CSKA Sofia wakawatandika mabao 11 kwa jumla, lakini historia ilikuwa imeshaandikwa.

Mwaka 1996 Vaduz walitoka sare mbili za 1-1 na Universitate ya Riga, wakapita kwa penalti. Raundi inayofuata wakampata nani? Paris Saint-Germain, waliokuwa wakilishikilia kombe lenyewe! Timu ya mji usiofikisha watu 7,000 dhidi ya Paris. Walifungwa 4-0 na 3-0, matokeo ambayo hata vigogo wa Ulaya wameyapata mikononi mwa Wafaransa hao.

Mwaka uliofuata Balzers walikwenda Ulaya tena, baada ya kulitwaa kombe la 1997. Hilo ndilo lao la mwisho hadi leo.

Sasa kaa vizuri, kwa maana hapa kuna kisa cha bao la ugenini, ile sheria ya zamani iliyosema mkilingana, aliyefunga mengi kwa mwenzake anapita. Mwaka 2002 Vaduz walikutana na Livingston ya Uskoti. Nyumbani 1-1, ugenini 0-0. Hawakushindwa mechi hata moja, wakatolewa!

Mwaka 2006 wakaenda Budapest wakaichapa Újpest 4-0 kwake. Nne bila, ugenini! Kisha wakapangiwa Basel, klabu kubwa ya Uswisi, nchi ileile wanayocheza ligi. Wakafungwa 1-0 kule, wakashinda 2-1 nyumbani. Jumla 2-2, na bao la ugenini la Basel likawaondoa.

Unadhani yaliishia hapo? Mwaka 2015 waliikung'uta La Fiorita ya San Marino 5-0 na 5-1, wakaiondoa Nõmme Kalju ya Estonia, halafu wakapangiwa Thun, timu waliyokuwa wakikutana nayo katika ligi kuu ya Uswisi. Ugenini 0-0. Nyumbani 2-2. Sheria ileile ikawafungia mlango tena, na safari hii pia hawakuwa wamefungwa mechi yoyote!

Thun lakini, kumbuka jina hilo. Mwaka 2020 walikutana tena kwenye mechi za mchujo, mmoja abaki ligi kuu au mwingine apande. Vaduz walishinda 2-0, wakafungwa 4-3, jumla 5-4. Thun ikashuka daraja, Vaduz ikapanda! Kocha wa Vaduz siku hiyo alikuwa Mario Frick, mtoto wa nchi hiyohiyo, aliyeanzia Balzers, akacheza ligi kuu ya Italia na kuichezea timu ya taifa mechi 125.

Ukitaka mtu aliyempita Frick kwa mechi za taifa, yupo. Kipa Peter Jehle alicheza 132. Nchi ya watu 40,000 ina wachezaji wawili waliopita mechi 120!

UEFA iliifuta sheria ya bao la ugenini mwaka 2021. Na mwaka uliofuata, tazama kilichotokea.

Vaduz, wakiwa wamesharudi daraja la pili la Uswisi, waliingia Ligi ya Konferensi kwa tiketi ya kombe lao. Wakaiondoa Koper ya Slovenia. Wakapangiwa Konyaspor, waliomaliza wa tatu katika ligi kuu ya Uturuki. Nyumbani 1-1, na kila mtu akajua safari imeisha. Wakaenda Konya wakashinda 4-2!

Bado. Wakapangiwa Rapid Wien, mabingwa wa Austria mara 32. Nyumbani 1-1. Tarehe 25 Agosti 2022, mjini Vienna, Vaduz wakashinda 1-0 na kutinga hatua ya makundi, klabu ya kwanza ya Liechtenstein kufika huko. Nchi isiyo na ligi ilikuwa na timu hatua ya makundi ya Ulaya, na nchi kibao zenye ligi hazikuwa nayo!

Kundi lao lilikuwa na AZ Alkmaar ya Uholanzi, Apollon Limassol ya Kupro na Dnipro-1 ya Ukraine. Mechi ya kwanza, sare ya 0-0 na Apollon, ikaleta pointi ya kwanza. Wakatoka 2-2 na Dnipro-1 wakapata ya pili. Hao AZ waliowafunga walifika nusu fainali ya mashindano.

Na hili wengi hawalijui: miaka mitatu kabla, Agosti 2019, Rheinpark ilipokea Eintracht Frankfurt, waliotoka kucheza nusu fainali ya Ligi ya Europa miezi michache tu nyuma. Vaduz walifungwa 5-0 nyumbani. Wakaenda Frankfurt kwenye marudiano, na dakika 90 zote Wajerumani walipata bao ngapi?

Moja!