Daftari la Mkandarasi wa Umeme

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu waliambiwa zaidi wenye maduka na wenye vyombo vya baharini, lakini siku hizi unamgusa sana mkandarasi wa umeme, yule anayetandaza waya katika nyumba, shule, zahanati na ofisi zetu.

Katika mji wa Arusha, chini ya Mlima Meru, iko sehemu iitwayo Njiro. Hapo pana kituo cha kupoza umeme cha TANESCO, na hapo hapo pana Chuo cha Uhasibu Arusha, kilichoanza kazi mwaka 1987, pamoja na ESAMI, chuo cha uongozi cha nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Umeme na hesabu wamekuwa majirani wa mtaa mmoja. Lakini katika ofisi nyingi za wakandarasi wetu majirani hao bado hawajapeana hata salamu.

Maradhi yenyewe ni haya: fedha za kazi zote hutiwa katika mfuko mmoja. Tuchukue mfano. Mkandarasi ameshinda zabuni ya shilingi milioni 40, na amekadiria kwamba gharama zake zitakuwa milioni 32. Kazi imefika nusu, naye amekwisha tumia milioni 22. Akitazama benki anaona fedha zipo, kwa kuwa amelipwa malipo ya awali ya kazi nyingine, naye hulala usingizi. Kumbe nusu ya kazi ilipasa kugharimu milioni 16. Akiendelea hivyo, atamaliza kwa milioni 44, yaani hasara ya milioni 4, na fedha ya kuiziba ataichota katika kazi ya pili. Mwisho wake mafundi hawalipwi, na jengo la umma hubaki gizani.

Programu za kompyuta za hesabu na usimamizi wa kazi zilitungwa ili kuifichua hatari hiyo mapema. Kila kazi hupewa namba yake. Mtunza stoo akitoa roli za waya, swichi au mita, huziandika katika namba ya kazi inayohusika. Msimamizi huandika siku za mafundi na nauli ya gari. Kisha programu hulinganisha matumizi na makadirio, huonyesha ankara zisizolipwa, na hukumbusha fedha inayozuiliwa na mwenye kazi mpaka muda wa matazamio upite. Hata hivyo, kompyuta haina macho ya kuona waya uliotoka stoo usiku. Mwenye kazi mbili tatu aanze na daftari lenye safu zilizopigwa vizuri, kila kazi na kurasa zake. Asiyeweza kuliweka daftari hilo kwa uaminifu, programu haitamfaa kitu.

Kwetu visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Unguja ilianza kupata umeme wa Bara kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1980. Pemba iliunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010. Hatujasahau giza la kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Mwaka 2013 Unguja ilipata waya wa pili. Lakini umeme uliovuka bahari kwa gharama kubwa namna hiyo haumfikii mwananchi mpaka fundi amefunga waya nyumbani mwake. Kifaa kikipungua Njiro, mtu hupanda daladala kwenda mjini akarudi kabla ya adhuhuri. Kikipungua Tumbatu, mafundi hungoja chombo, na ujira wa siku unahesabiwa wakiwa wamekaa. Hapo makadirio mabaya huadhibiwa mara mbili.

Lawama si ya mkandarasi peke yake. Wapo maofisa wanaofika kwenye kazi na kuamuru kwa mdomo, "ongezeni soketi sita chumba hiki", kisha siku ya malipo hakuna anayekumbuka. Wapo wanaoilaza hati ya malipo mezani miezi, ilhali mkandarasi amekopa vifaa dukani. Sisi tuliokaa mkekani chuoni tunajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kulishuhudisha. Agizo hilo linamgusa anayedai na anayedaiwa.

Basi tunashauri mambo matatu. Wakandarasi wafungue hesabu ya kila kazi tangu siku ya kwanza. Maofisa waandike kila agizo la nyongeza, na walipe hati kwa wakati. Vyuo vya Njiro, na vyetu vya visiwani, viandae mafunzo mafupi kwa mafundi wenye kampuni ndogo, kwa Kiswahili, na kwa mifano ya waya na nguzo.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, inayotumika Bara, imewapa wazalendo upendeleo katika zabuni. Upendeleo huo hautamfaa mkandarasi asiyejua kazi ipi inamlisha na ipi inamla.