Urithi wa Violezo na Mgawanyo wa Ukurasa wa Wavuti katika Kiunzi cha Django: Mfano wa Bukombe

Django, kiunzi kilichotolewa kwa umma mwaka 2005 baada ya kuundwa katika ofisi za gazeti mjini Lawrence, Marekani, huugawa ukurasa wa wavuti kwa njia ya urithi. Kiolezo mzazi hubeba yale yanayofanana katika kurasa zote, yaani nembo, menyu na kijachini, kisha huacha nafasi zenye majina. Kiolezo mrithi hutaja mzazi wake mwanzoni na kuzijaza nafasi hizo kwa majina yaleyale. Nafasi isiyojazwa hubaki na maandishi ya mzazi.

Udhaifu wa utaratibu huu hudhihirika pale mzazi anapobadilishwa. Wilaya ya Bukombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ilipoingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni tu, kwamba kiolezo cha Shinyanga kina nafasi iitwayo bei_dhahabu, na cha Geita kinaiita bei_ya_dhahabu. Kuuhamisha ukurasa wa Bukombe kunahitaji kubadili mstari mmoja. Ukurasa utafunguka, menyu itakuwa ya Geita, na hakuna onyo lolote litakalotolewa. Hata hivyo, bei iliyoandikwa na ofisa wa wilaya haitaonekana, kwa kuwa Django hupuuza sehemu isiyo na jina lake kwa mzazi. Badala yake yatasomeka maandishi ya mzazi. Na iwapo hayo ni bei elekezi ya mwezi uliopita, mchimbaji mdogo ataenda kuuza gramu zake kwa hesabu isiyo sahihi, akiamini ameisoma ya leo.

Ni kosa pia kudhani kwamba mgawanyo huu hupunguza mzigo wa mtandao. Seva huunganisha sehemu zote kabla ya kutuma, hivyo simu iliyo machimboni hupokea ukurasa mzima.

Kwa nafasi inayobeba bei, basi, maandishi ya mzazi yanapaswa kutamka kuwa bei haijawekwa, na tarehe iandikwe ndani ya sehemu hiyohiyo, si katika kichwa cha ukurasa. Aidha, jaribio fupi linaloorodhesha majina ya sehemu za mrithi na kuyalinganisha na ya mzazi hubaini tofauti kama hiyo ya Bukombe kabla ukurasa haujachapishwa.